Nordkapp hadi Tarifa kwa gari la familia: njia, ushuru na makaratasi

Alta_Mvita

Salaam wadau. Naomba mchango wa wanaoijua barabara hii vizuri.

Tunaishi Alta, kaskazini mwa Norwei. Shule zikifungwa, mnamo tarehe 20 Juni, tunataka kupanda kwanza hadi Nordkapp, rasi ya juu kaskazini, kisha tushuke mpaka Tarifa, Uhispania, ncha ya kusini kabisa ya bara la Ulaya. Gari ni stesheni wagon ya dizeli ya mwaka 2017 inayotumia AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli), imetembea km 148,000, ina namba za Norwei, na juu ya paa tutafunga boksi la mizigo.

Tuko watano. Mimi nina pasi ya Norwei na watoto pia. Mmoja ana miaka 6, mwingine 9 na urefu wa sentimita 139. Mke wangu ni Mkongo, ana hati ya kusafiria ya mkimbizi iliyotolewa hapa pamoja na kadi ya ukaazi. Mama yangu atakuja kutoka Mombasa kwa viza ya Schengen. Madereva ni wawili, leseni zote za hapa.

Siku za kushuka ni 16. Familia itaondoka kwa ndege kutoka Málaga, mimi nitarudisha gari.

Ninachouliza: tupite Ufini au tushuke na E45 ndani ya Uswidi? Denmaki tuvuke kwa madaraja au kwa feri? Ushuru wa barabara Ufaransa na Uhispania unalipwaje? Gari lazima libebe nini kisheria? Na tukifika Tarifa, je, twaweza kuvuka kwenda Tangier, Moroko, kwa siku moja?

---

Umeå_E4

Karibu ndugu. Mimi najibu ya kaskazini tu, kutoka Nordkapp hadi Trelleborg, bandari ya kusini mwa Uswidi.

Safari nzima ni kama km 5,800 kutegemea utakavyokata kona. Usizigawe kwa 16 ukaridhika, maana km 350 za Finnmark, mkoa wenu wa kaskazini, zinakula siku sawasawa na km 550 za otobani. Norwei mwendo wa kawaida nje ya mji ni 80, barabara inafuata ukingo wa bahari, na faini zao ni nzito mno kwa mtu anayejaribu kufidia muda. Hesabu wastani wa km 65 kwa saa mpaka mpaka wa Ufini, na 85 kwenye E4 ya Uswidi ukijumlisha vituo vya watoto.

Siku ya 1: Alta hadi Nordkapp, mlale Honningsvåg. E69 inapita chini ya bahari kwa handaki la km 6.9 linaloshuka mita 212 chini ya usawa wa bahari. Halina ushuru tangu 2012. Mteremko wake ni mkali pande zote mbili, kwa hiyo shuka kwa gia ndogo, usining'inie kwenye breki. Jambo la kuogopa humo ni rein, kulungu wa huko. Kiangazi wanaingia mahandakini kukimbia joto na nzi, na wanasimama katikati ya njia bila kujali honi. Unatoka kwenye jua linalowaka hata usiku wa manane (Nordkapp halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai), unaingia gizani, na kwa sekunde kadhaa macho hayaoni kitu. Punguza mwendo kabla ya mdomo wa handaki. Ukimgonga rein lazima utoe taarifa hata kama gari ni zima, kwa sababu kila mmoja ana mwenyewe, mfugaji wa huko. Norwei piga polisi 02800. Ufini na Uswidi piga 112.

Kuhusu njia, pita Ufini. E45 kutoka Karesuando kupitia Gällivare, Jokkmokk na Östersund ni nzuri sana kwa macho, lakini ni nyembamba, vituo vya mafuta viko mbalimbali, na ukipata pancha Jumapili jioni utasubiri. Kwa gari lenye bibi na watoto wawili nyuma naona E4 ya pwani ni bora. Siku ya 2 ni Honningsvåg, Lakselv, Karasjok, Karigasniemi hadi Inari, karibu km 350. Jaza tangi Lakselv au Karasjok. Ufini saa iko mbele kwa moja, usije ukakuta mapokezi ya kambi yamefungwa. Siku ya 3 Inari hadi Haparanda, karibu km 450, na mstari wa Aktiki mnaupita nje kidogo ya Rovaniemi. Siku ya 4 Umeå, km 400. Siku ya 5 Gävle. Siku ya 6 Jönköping. Siku ya 7 Trelleborg, mpande feri usiku.

E4 sehemu kubwa ni leni mbili upande mmoja na moja upande wa pili, na katikati kuna waya wa chuma. Leni ya kupitia inahama upande kila baada ya kilomita chache. Ukifungiwa nyuma ya lori, tulia. Zamu yako inakuja. Wanaoumia ni wale wanaoongeza moto mwishoni mwa leni mbili, waya umeshaanza kuwabana.

Taa za mbele ziwake saa zote nchi zote za Nordiki, hata jua likiwa kali. Pombe: Norwei na Uswidi kikomo ni promili 0.2 kwenye damu, maana yake bia moja tayari yaweza kuwa kesi.

Na angalia kalenda ya Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Mkesha wake ni Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Mchana ule maduka Uswidi yanafungwa mapema, kambi zote zimejaa, na E4 inafurika magari yenye matrela. Ikiangukia siku mtakayokuwa njiani, wekeni nafasi ya kulala mapema na mnunue chakula siku moja kabla.

Stockholm ukipita katikati kwa E4, kamera inasoma namba na ankara itakufuata nyumbani. Hakuna pa kusimama kulipa.

---

Otobani_A1

Naendelea alipoishia.

Madaraja mawili ya Denmaki, Øresund na Storebælt, ni safi na hayachagui saa, ila ukijumlisha ada zote mbili na dizeli ya km 500 za Malmö mpaka Hamburg, bei inakaribiana na feri ya usiku ya Trelleborg hadi Travemünde. Kwenye feri mnalala kitandani, asubuhi mko Ujerumani na madereva wamepumzika. Kwenu watano hilo ni usiku wa hoteli mliouokoa. Chukueni kabini ya watu wanne na godoro la ziada, au mbili ndogo, na muandikishe urefu wa gari pamoja na boksi, maana wanapanga sitaha kwa kimo. Kabla ya kushuka garini toa kila kitu cha usiku. Sitaha ya magari hufungwa wakati wa safari.

Ukiamua madaraja, kile kifaa cha ushuru cha AutoPASS ulichonacho kiooni kinasomeka huko kupitia EasyGo, mfumo wa pamoja wa malipo. Hakikisha mkataba wako unaruhusu, usije ukalipa mara mbili kwa kadi na kwa kifaa.

Ujerumani gari dogo halilipi ushuru wa otobani. Vukeni Jumapili ikiwezekana: malori ya zaidi ya tani 7.5 yamepigwa marufuku kuanzia saa sita usiku hadi saa nne usiku siku hiyo, na A1 ya Lübeck, Hamburg, Bremen, Münster mpaka Köln inakuwa barabara nyingine kabisa. Shika kulia. Kupita gari kwa upande wa kulia hairuhusiwi. Kabla ya kwenda leni ya kushoto tazama kioo mara mbili, maana kuna sehemu zisizo na kikomo na gari uliloliona kama nukta linafika na 200.

Sasa hili lisome vizuri na umsomee na mwenzako: njia ya uokoaji. Foleni ikianza tu kutambaa, magari ya leni ya kushoto kabisa yanasogea kushoto, na leni nyingine zote zinasogea kulia, ili katikati ibaki njia ya ambulansi. Usingoje king'ora. Ukichelewa malori yameshakaribiana bampa kwa bampa na huna pa kuingia. Faini inaanzia euro 200. Na kuishiwa mafuta kwenye otobani ni kosa, kwa sababu kulikuwa na vituo na ukavipita.

Mafuta nunueni nje ya otobani. Toka kwenye mlango wowote wenye alama ya Autohof (kituo cha malori nje kidogo ya otobani) au mji mdogo. Tofauti ya bei kwa lita inatosha kulipia chakula cha mchana ukijaza tangi. Choo cha vituo vya otobani ni euro moja na kuponi unayoweza kununulia kitu hapohapo. Tunzeni sarafu.

Stika ya kijani ya mazingira inahitajika kuingia katikati ya miji mingi, pamoja na Köln, hata kwa namba za kigeni. Dizeli yako ya 2017 inaipata bila shida. Kama hamtoki otobani, hamuihitaji.

Kutoka Köln nenda Aachen, Liège, kisha E42: Namur, Charleroi, Mons. Hapo umeikwepa Brussels na Antwerp, ambako gari la kigeni linatakiwa kusajiliwa kabla ya kuingia eneo la hewa safi. Ubelgiji mwendo ni 120 na hakuna ushuru kwenye njia hii.

Ufaransa wengi wanaifuata ramani ya simu mpaka ndani ya Paris. Msifanye hivyo. Barabara ya mzunguko wa jiji sasa ni 50, imejaa pikipiki zinazopita katikati ya leni, na saa mbili zinapotea. Kutoka Mons pitieni Valenciennes, Saint-Quentin, A29 hadi Amiens na Rouen, kisha A28 Alençon, Le Mans, Tours, halafu A10. Ndani ya Rouen otobani inakatika, mnapita mjini kwa dakika chache kisha mnaipata tena.

Ushuru wa Ufaransa mnachukua tiketi mkiingia, mnalipa mkitoka. Mlango wenye mshale wa kijani unapokea kadi na fedha. Wenye herufi t ya rangi ya chungwa peke yake ni wa wenye kifaa, na ukiingia humo utapigiwa honi na mlolongo mzima nyuma yako. Kwa safari moja kifaa si lazima, lakini kwa kuwa wewe utarudi na gari peke yako, agiza kimoja kinachofanya kazi Ufaransa na Uhispania. Gari lenye kimo chini ya mita 2 ni daraja la 1. Boksi lako linaweza kuichanganya mashine ikakusoma daraja la 2: tazama bei kwenye skrini kabla ya kulipa, na ukiona imezidi, bonyeza kitufe cha msaada ueleze kuwa ni gari dogo lenye boksi. Ukishalipa umeshalipa.

Kuna barabara mpya zisizo na vizuizi, kama A13 ya Paris hadi Normandy na A79. Hapo hakuna pa kusimama. Una saa 72 kulipa mtandaoni, la sivyo faini. Ramani ya simu ikikubadilishia njia, soma mabango.

Poitiers hadi Bordeaux acha A10, shika N10 ya Angoulême. Ni leni mbili kila upande, haina ushuru, malori ni mengi. Mwendo Ufaransa: otobani 130, mvua ikinyesha 110, vijijini 80. Jumamosi za Julai na Agosti epukeni. Serikali yao hutoa kalenda ya foleni kwa rangi, kijani mpaka nyeusi, inaitwa Bison Futé. Pangeni siku ya Bordeaux iangukie Jumanne au Jumatano.

Gari likizimika kwenye otobani ya Ufaransa, usiite bima yako kwanza. Pale anaruhusiwa kuvuta mkandarasi wa barabara ile peke yake. Vaeni vizibao vya kuakisi, tokeni kwa mlango wa kulia, rukeni reli ya chuma mkae nyuma yake, ndipo mpige 112 au mtumie simu ya chungwa ya pembeni. Pembetatu msiiweke kama kuifikia ni kutembea kwenye otobani.

---

fundi_torque

Nataka kusema la gari, maana naona boksi na watu watano.

Toa kadi ya gari, chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Hicho kinachobaki ndicho mlicho nacho, watu na mizigo pamoja. Magari ya aina hiyo mengi yanabakiza kilo 500 hivi. Watu wazima watatu na watoto wawili ni kilo 270 au zaidi, kwa hiyo mizigo yote ibaki kama 200, na hapo hesabuni boksi lenyewe. Paa mara nyingi ni kilo 75 tu, vyuma vya kushikilia vikiwemo. Boksi tupu 18, vyuma 6, umebaki na 50. Juu weka vitu vyepesi vyenye ukubwa: mablanketi, jaketi, hema. Maji na chakula cha makopo viwe chini kwenye buti, vimegandamizwa na migongo ya viti. Boksi likijazwa vyuma, gari linayumba kwenye upepo wa pembeni na breki zinachelewa.

Upepo wa tairi: soma stika ya mlangoni au ndani ya kifuniko cha tangi, mstari wa mzigo kamili, sio ule wa watu wawili. Nyuma tofauti yaweza kufika nusu bar. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo mdogo, gari limejaa, lami ya nyuzi 40 ya Uhispania na mwendo wa 120: hapo ndipo linapopasuka, na kisa chake ni ukuta wa tairi kujikunja mpaka ukaungua kwa ndani. Tairi ziwe za kiangazi, zisipungue milimita 4 ukianza ingawa sheria inasema 1.6, kwa sababu unakwenda na kurudi, karibu km 12,000. Zenye misumari usithubutu. Ujerumani zimepigwa marufuku.

Fungua sakafu ya buti uone kama kuna spea. Mengi ya 2017 yana chupa ya povu na pampu tu. Povu linaziba tundu la msumari; ubavu uliochanika haliuzibi. Mkiweza, tafuteni spea nyembamba na jeki yake.

Kabla ya kuondoka, kwa km 148,000: oili na filta, maji ya breki kama yamepita miaka miwili, unene wa pedi mbele na nyuma, kulanti, filta ya hewa ya ndani, na gesi ya AC. Uliza kitabu mkanda wa taiming na pampu ya maji vinabadilishwa lini. Zikibaki km 20,000 tu, badilisha sasa. Fanya wiki tatu kabla, sio siku mbili kabla, ili kama fundi hakukaza kitu vizuri kijulikane ukiwa nyumbani.

AdBlue inaliwa lita 1 hadi 1.5 kwa kila km 1,000. Jaza kabisa Alta, ongeza Ujerumani kwenye pampu ya magari madogo. Usipuuze taa yake: ikihesabu mpaka sifuri, ukizima injini haiwaki tena. Dizeli yenyewe piga lita 6 kwa km 100 ukiwa na boksi, yaani lita 350 hivi mpaka Tarifa. Ukitoka 110 kwenda 130 boksi linakuongezea matumizi ya kuonekana, na mengi yana kikomo cha 130 kilichoandikwa chini yake.

Majina ya mafuta yanaponza watu. Ufaransa dizeli ni gazole, petroli ni essence. Uhispania dizeli ni gasóleo, petroli ni gasolina, na mtu aliyechoka anashika bomba la gasolina kwa kufanana kwa jina. Usisome jina, tazama umbo: kibandiko cha mraba chenye B ni dizeli, cha duara chenye E ni petroli, Ulaya nzima, na kingine kama hicho huenda kiko kwenye kifuniko chako (ni lazima kwa magari mapya tu, tangu Oktoba 2018). Ukikosea, usiwashe. Hata ufunguo usiuzungushe. Sukumeni gari pembeni tangi linyonywe. Injini ikishawaka petroli imeingia kwenye pampu ya presha na gharama inakuwa nyingine.

Pampu zisizo na mhudumu huzuia euro 100 au 150 kwenye kadi kabla ya kutoa mafuta. Kadi yenye salio dogo itakataliwa ingawa unataka ya 40 tu.

---

hati_na_mihuri

Makaratasi, ndugu yangu, ndiyo yatakayoamua swali lako la mwisho.

Watu husema ndani ya Schengen hakuna mipaka. Ujerumani imerudisha ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na Denmaki na Uswidi nao hukagua. Pasi zote ziwe mbele, kwenye kabati la dashibodi. Zikiwa ndani ya boksi juu ya paa mtalipakua lote huku foleni inawangoja.

Mke wako anatembea huru ndani ya Schengen kwa hati yake pamoja na kadi ya ukaazi, mpaka siku 90 ndani ya 180. Vyote viwili awe navyo, na viwe hai mpaka baada ya tarehe ya kurudi. Mojawapo bila mwenzake haitoshi.

Mama mzazi: soma stika ya viza yake sehemu tatu. Tarehe ya mwisho, idadi ya siku, na mara za kuingia. Siku zilizoandikwa ndizo zinazotawala; tarehe ya mwisho inaweza kuwa mbele zaidi na isimsaidie. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Bima yake ya safari iwe ya nchi zote za Schengen na isipungue euro 30,000, na aichapishe.

Tangier sasa. Moroko haimo Schengen. Mkipanda feri mama ametoka, na kama viza yake ni ya kuingia mara moja, hatarudi Uhispania. Mke wako pia: msamaha wa viza wa Moroko kwa pasi ya Norwei haumhusu mwenye hati ya mkimbizi, lazima aombe ubalozini mapema. Hivyo kwa siku moja mnaoweza kuvuka bila kizungumkuti ni wewe na watoto. Mkivuka, acheni gari Tarifa, mwende kwa miguu. Gari likivuka linahitaji kadi ya kijani ya bima yenye herufi MA (Moroko) zisizofutwa, na forodha wanaliandikisha kwa jina lako, kazi inayokula muda ambao siku moja haina.

Viti vya watoto: wa miaka 9 mwenye sentimita 139 hapo Norwei ameshavuka kikomo cha 135 na huenda hamumwekei kitu. Ujerumani kikomo ni sentimita 150 au miaka 12. Ufaransa wanatazama miaka 10. Mbebeeni kiti cha kumnyanyua. Na kabla ya safari jaribuni kukaa: viti viwili vya watoto na mtu mzima katikati ni kubanana, kifungio cha mkanda wa katikati kinaweza kufunikwa na kiti. Bora mama akae mbele na madereva wapokezane nyuma.

Kisheria bebeni pembetatu, na kizibao cha kuakisi kwa kila mtu, viwe ndani na sio chini ya mizigo. Kisanduku cha huduma ya kwanza bebeni pia. Kipima pombe cha Ufaransa kilichokuwa lazima kilifutwa 2020, msikinunue. Stika ya Crit'Air, ile ya hewa safi ya Ufaransa, agizeni mapema kwenye tovuti ya serikali, huja kwa posta. Gari lenu litapata namba 2. Taarifa ya ajali ya Ulaya, ile fomu ya nakala mbili, iwe garini na kalamu inayoandika. Programu za simu zinazoonya kamera za mwendo zimeni Ujerumani na Ufaransa.

---

Levante36

Nimalizie Uhispania.

Kutoka Irun hamlazimiki kulipa. Zungukeni San Sebastián, shikeni N-I kupitia Tolosa na mlima wa Etxegarate hadi Vitoria, kisha AP-1 hadi Burgos, ambayo ushuru wake ulifutwa mwishoni mwa 2018. Toka hapo Madrid haina sababu ya kuwaona. Nendeni A-62 Valladolid na Salamanca, halafu A-66, ile wanayoiita Ruta de la Plata: Cáceres, Mérida, Sevilla. Otobani nzima, bure, magari machache. Sevilla hadi Jerez AP-4 nayo ni bure tangu 2020. Malizieni kwa Vejer na N-340 mpaka Tarifa.

Joto ndilo kikwazo. Julai Extremadura na Sevilla kupita nyuzi 40 ni kawaida. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana muwe mmeshafika. Lita 2 za maji kwa kila mtu ndani ya gari, mkononi. Buti likipata jua dawa za bibi zinaharibika. Insulini au matone ya macho yawe kwenye kibebeo cha baridi miguuni.

Mwendo 120. Kuna kamera zinazopima wastani kati ya nguzo mbili, kufunga breki karibu na nguzo hakusaidii. Faini ukilipa ndani ya siku 20 ni nusu. Gari lenye namba za Uhispania sasa linatakiwa taa ya V-16, ile ya tahadhari ya gari lililokwama. Lenu la Norwei litumie pembetatu.

Mtu akiwapita akiashiria tairi lenu limeharibika, msisimame ukingoni. Washeni hazadi, nendeni taratibu hadi kituo chenye watu. Ni mbinu ya wezi inayojulikana, hasa kwa magari ya kigeni yaliyojaa. Kwenye maegesho mmoja abaki garini kila mara.

Tarifa maegesho ya mistari ya bluu ni ya kulipia, meupe bure, ya njano hapana. Ncha yenyewe ni kisiwa cha Las Palomas, kimeunganishwa na njia ya mawe na lango limefungwa. Mtasimama pale mchanga wa Atlantiki uko kulia na maji ya Mediterania kushoto, na milima ya Afrika km 14 mbele yenu. Upepo wa Levante ukivuma hapo mlango wa gari ushikeni kwa mikono miwili unapoufungua, la sivyo bawaba inapinda. Ndio upepo huohuo unaofuta feri za Tangier, kwa hiyo safari ile msiiweke siku moja kabla ya ndege.

---

Alta_Mvita

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Viza ya mama ni ya kuingia mara moja, siku 60, kwa hiyo Tangier nitavuka na watoto, yeye na mke wangu watabaki ufukweni. Mambo mawili: ameingilia Oslo, akitokea Málaga kuna tatizo? Na boksi, nilifunge lini?

---

hati_na_mihuri

Hakuna tatizo. Anaweza kuingilia na kutokea uwanja wowote wa Schengen. Awe na tiketi ya kutoka kwenye simu na kwenye karatasi, na afike uwanjani saa tatu kabla, kwa sababu msimu ule Málaga foleni ya pasi za nje ni ndefu na sasa wanachukua picha na alama za vidole. Akiunganisha ndege kupitia mji mwingine wa Schengen, atakaguliwa kutoka Schengen kwenye mji huo wa mwisho, hivyo siku zake zihesabiwe mpaka saa ya ndege ile.

---

fundi_torque

Lifunge siku moja kabla, ukilipakia sawa kwa sawa mbele na nyuma. Kisha likaze tena baada ya km 40 au 50 za kwanza, vyuma vikishatulia kwenye reli. Kwenu hapo ni kabla hamjapanda uwanda wa juu wa Sennalandet, ambako upepo wa pembeni huanza. Lishike pembe ya mbele ulitikise: gari zima litikisike nalo. Likicheza lenyewe, bado halijakaa.